Mbwa aina ya Rottweiler, Boxer na Boerboel wa Tanga: msiwakate mikia, jifunzeni kuitunza

#1 BandaLaPongwe

Salaam wakuu.

Kila jike la Rottweiler likizaa hapa Tanga, swali linalofuata ni "mkia unakatwa siku ya ngapi na nani anakata?" Jibu langu ni usikate. Naweka sababu hapa kwa kirefu, na wenye ujuzi waongezee, hasa upande wa kuutunza mkia uliobaki, maana huko ndiko wafugaji wengi wa huku kwetu hawajaelekezwa.

Kwanza unavyokatwa. Mtoto akiwa na siku 2 hadi 5, mkia unakatwa kwa mkasi au wembe, au unavishwa mpira mdogo ule wa kuhasia mbuzi na kondoo mpaka kipande cha nchani kife na kudondoka. Rottweiler huachiwa pingili (vifupa vya mkia) 1 au 2, Doberman 2 au 3. Ganzi mara nyingi haitumiki. Wanaotetea husema mtoto wa umri huo haumii kwa kuwa mishipa yake ya fahamu haijakomaa. Si kweli. Mishipa inayopeleka maumivu inafanya kazi tangu anazaliwa. Ambayo haijakomaa ni ile ya kuyapunguza makali. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1996 ulifuatilia watoto 50 wa Doberman, Rottweiler na Bouvier, na wote walipiga kelele kali wakati wa kukatwa.

Pili, yanayoharibika. Mtoto wa Rottweiler wa siku 3 ana uzito wa gramu 500 hivi. Damu yake yote mwilini ni kama mililita 40. Akipoteza vijiko viwili vya chai, mililita 10, robo ya damu imekwenda. Kwa mbwa mkubwa hicho ni kidonda kidogo, kwa yeye ni hatari ya kufa. Anapoa mwili, anaacha kunyonya, na asubuhi unamkuta pembeni ya wenzake. Watu husema "alikuwa dhaifu tu".

Kosa jingine ni la mkono wa mkataji. Ngozi inatakiwa kuvutwa nyuma kuelekea shinani kabla ya kukata, kisha kukatwa kwenye kiungo kati ya pingili mbili, ili ngozi irudi na kufunika mfupa. Asipofanya hivyo mfupa unabaki wazi au kovu linagandana nao. Na hata pakikatwa vizuri, ncha za neva zilizokatwa zinaweza kuota uvimbe mdogo wenye maumivu. Mbwa mzima anayeng'ata kishina chake au asiyetaka kuguswa nyuma, hilo ni la kuliangalia kabla hujamwita mkorofi.

Tatu, mazingira yetu. Pwani kuna joto na unyevu mwaka mzima, na masika nzi hawahesabiki. Mama analamba kidonda, watoto wamelala juu ya kidonda, matandiko yana mkojo. Nzi akitaga mayai jioni, kesho yake kuna mabuu. Na mpira wa kuhasia ni mbaya zaidi, kwa sababu unaacha nyama iliyooza ikining'inia kwa mtoto kwa siku kadhaa, na harufu yake ndiyo inayowaita hao nzi.

German Shepherd analinda mageti ya Raskazone na Chumbageni akiwa na mkia wake wote, na hakuna anayedai ukatwe.

#2 MtuWaSahare

Mkuu nimekuelewa, ila soko je? Mteja akiona Rottweiler mwenye mkia anasema amechanganywa na koko. Anataka apunguziwe bei.

#3 Mkaguzi_wa_Uzazi

MtuWaSahare, huyo mteja anatumia picha za zamani. Ujerumani, ambako Rottweiler ndiko kwao, ilipiga marufuku kukata mikia mwaka 1998, ikabakiza baadhi ya mbwa wa kuwindia. Kiwango cha kimataifa cha Rottweiler leo kinataka mkia wa asili: mbwa akiwa makini mkia unanyooka sawa na mstari wa mgongo, akitulia unaweza kuning'inia. Yaani kwenye maonyesho ya kwao, aliyekatwa ndiye mwenye kasoro.

Norwei walikataza mwaka 1987. Uingereza mwaka 2007, isipokuwa baadhi ya mbwa wa kazi. New Zealand mwaka 2018. Wanaotafuta Boerboel, tazameni nyumbani kwake: Baraza la Veterinari la Afrika Kusini liliwazuia madaktari wake kukata mikia kwa ajili ya urembo mwaka 2008, na Boerboel wengi wa huko sasa wana mikia. Marekani bado wanakata, na picha nyingi za mtandaoni zinatoka huko. Ndiyo maana mteja wa Ngamiani anadhani Rottweiler huzaliwa hana mkia.

Mpe mteja vitu vya kupima uhalisi. Dume la Rottweiler lina urefu wa sm 61 hadi 68 begani, jike sm 56 hadi 63. Rangi nyeusi, alama za hudhurungi ziko mahali maalumu: juu ya macho, mashavuni, chini ya shingo, kifuani, miguuni na chini ya mkia. Onyeshia hapo hapo, inua mkia, alama ya hudhurungi ipo chini ya shina. Aliyekatwa sana ameondolewa sehemu ya kuonyeshea.

Kingine, mwonyeshe mama na baba, na kadi ya chanjo. Usitoe mtoto kabla ya wiki 8. Muuzaji mwenye kadi iliyojazwa hababaiki na bei.

#4 Mkongeni

Naheshimu hoja, lakini kuna kazi ambazo mkia ni shida. Mbwa wa lindo shambani kwenye mkonge anapita katikati ya majani usiku kucha, na ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu. Mkia unachanika. Huku si Raskazone.

#5 DaktariWaKata

Mkongeni, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zinazotolewa kwa kukata, kwa hiyo tuipime kwa namba.

Uingereza walichunguza kumbukumbu za mbwa zaidi ya 138,000 waliopita kwa madaktari, wakachapisha mwaka 2010. Waliokutwa na majeraha ya mkia walikuwa 281. Walipokokotoa, hatari ilikuwa asilimia 0.23, na ili kuzuia jeraha moja la mkia ingebidi kukata mbwa 500 hivi. Ni kweli kwamba waliokatwa waliumia mikia mara chache zaidi, hilo halifichwi. Lakini ukikata watoto 500 kwa wembe bandani, idadi ya watakaovuja damu, kuoza kidonda au kupata kovu bovu itapita jeraha hilo moja mara nyingi. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa mbwa wanaofungiwa mabandani waliumia mikia zaidi. Maana yake banda ni la kuangaliwa kabla ya mkia.

Kwenye mkonge suluhisho liko kwenye mpangilio wa shamba lenyewe. Mkonge uliopandwa kwa mistari pacha una nafasi ya mita 1 kati ya mistari ya pacha, na njia ya mita 4 hivi kati ya pacha na pacha. Lindo lipite kwenye ile njia pana, na ifyekwe. Mlinzi anayemruhusu mbwa kukatiza kwenye ile mita 1 anamhatarishia macho na kifua kabla ya mkia. Mwiba wa mkonge ukivunjikia ndani ya ngozi unafanya jipu, kwa hiyo asubuhi mpapase mbwa mzima: masikio, kwapa, kati ya vidole, halafu mkia kutoka shinani hadi nchani kwa kubana taratibu kwa vidole viwili. Kupe nao utawaona hapo hapo, hasa chini ya shina la mkia ambako manyoya ni machache.

#6 Mkongeni

Njia ya mita 4 ipo na wasimamizi wanaijua. Shida ni kufyeka. Ila nimekubali kwamba mkia si wa kulaumiwa peke yake.

#7 BintiChumbageni

Naomba kuuliza jambo ambalo wengi mtaani wanalisema na humu halijaguswa. Wapo wanaotaka mkia mfupi kwa sababu ya najisi. Mbwa akitikisa mkia anagusa kanzu au buibui ya mtu anayekwenda kuswali.

#8 Ustadh_wa_Makorora

Dada yangu, umeuliza vizuri.

Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao, najisi ya mbwa huhama kwa unyevu. Mkia mkavu ukigusa nguo kavu, nguo haijanajisika. Ukiwa umelowa au nguo imelowa, panaoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Mate ndiyo yanayowafika watu zaidi, na kukata mkia hakupunguzi mate hata tone. Mbwa wa lindo na wa mifugo ameruhusiwa kufugwa. Cha kufanya ni kumweka mbwa upande wake wa ua, njia ya wageni iwe nyingine, na asiachiwe kuzunguka akiwa ametoka kuoga au kunyeshewa.

Na kuna la upande wa pili. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, Mtume (s.a.w.) amemlaani anayemfanyia mnyama muthla, yaani kumharibu umbo kwa kumkata viungo akiwa hai. Mtu anayekata mkia kwa kuogopa najisi alipime hilo.

#9 BintiChumbageni

Ahsante sana ustadhi. Hili nitawafikishia.

#10 MfunzaMbwa

Niongeze upande wa kazi ya ulinzi yenyewe. Mkia ndio taarifa ya kwanza mlinzi anayoisoma. Umeinuka juu, mgumu, unatikisika kwa mtetemo mfupi wa haraka: huyo hafurahi, anakaribia kuruka, kamba ishikwe fupi. Umeshuka kati ya miguu: anaogopa, na mbwa mwoga anaweza kuuma bila onyo. Unatikisika kwa upana mpaka kiuno kinacheza: rafiki. Kwenye kishina cha pingili mbili hivyo vyote vinafanana usiku.

Watafiti wa Italia mwaka 2007 walionyesha kuwa mbwa akimwona bwana wake mkia unaegemea zaidi kulia kwake, na akimwona mbwa mgeni mbabe unaegemea kushoto. Canada nako, mwaka 2008, walitumia mbwa wa bandia mwenye mkia unaobadilishwa, mrefu na mfupi. Mkia mrefu ukitikisika, mbwa halisi walisogea kwa kujiamini kuliko ukiwa umesimama tuli. Ulipowekwa mfupi, walimsogelea kwa wasiwasi hivyo hivyo, utikisike usitikisike. Mwenye mbwa zaidi ya mmoja uani aone maana yake: ugomvi unaotokana na kutosomana.

#11 Kusi_na_Kaskazi

Sawa, tumeacha mkia. Sasa Boxer anaupigapiga ukutani mpaka ncha inachanika, damu inaruka kila mahali, ikipona inapasuka tena. Hapo mnasemaje?

#12 DaktariWaKata

Hilo ndilo tatizo kubwa la mkia mrefu wenye manyoya mafupi, na dawa yake ina sehemu mbili: kidonda na ukuta. Watu wengi wanatibu kidonda wanausahau ukuta.

Kidonda kwanza. Bana ncha kwa shashi safi dakika 5 hadi 10 bila kufunua kuchungulia. Ukifunua kila dakika unaliondoa tone lililoanza kuganda. Damu ikikata, punguza manyoya sm 3 kuzunguka kidonda, suuza kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Kausha vizuri. Usitumie spiriti wala maji ya betri (wapo wanaotumia), vinaunguza nyama mpya.

Weka shashi uliyoipaka mafuta ya mgando kidogo ili isinate, kisha pamba safu moja nyembamba. Bendeji ianze kwa kupita nchani kwa urefu, upande mmoja kwenda mwingine kama kofia, halafu ndipo uzungushe kutoka nchani kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukianzia juu kushuka chini unasukuma damu nchani na ncha inavimba. Plasta ya mwisho ishike manyoya sm 5 juu ya bendeji. Usiposhika manyoya, mtikisiko wa kwanza unairusha bendeji hadi kwa jirani.

Usikaze. Baada ya saa moja rudi uangalie: mkia ukiwa wa baridi, umevimba juu ya bendeji, au mbwa ameanza kuing'ata kwa hasira, ifungue. Bendeji iliyokazwa imeua mikia mingi kuliko kidonda chenyewe.

Juu yake vaa kinga. Ile sponji nyeusi inayovishwa mabomba ya kiyoyozi inafaa sana: kata sm 15, pasua kwa urefu, vika, funga plasta, acha ncha wazi ipumue. Mafundi wa viyoyozi mjini wana vipande vya kutupa. Mvishe mbwa kola ya plastiki shingoni asilambe. Huku kwetu badilisha bendeji kila siku kwa sababu ya unyevu, na ikilowa ibadilishwe papo hapo. Tarajia wiki 2 hadi 3.

Sasa ukuta. Tafuta michirizi ya damu. Kimo chake na mahali pake vinakuonyesha mbwa anajigonga wapi. Mara nyingi ni korido nyembamba pembeni ya nyumba, au banda la matofali yasiyopigwa lipu, au wavu wenye ncha za waya zilizoangalia ndani. Pima mkia kutoka shinani hadi nchani, zidisha mara mbili, ongeza sm 30: banda au njia isiwe nyembamba kuliko hapo. Kama huwezi kupanua, piga lipu laini hadi kimo cha sm 90 au funga mkeka wa mpira. Na mtu akirudi nyumbani asimpokee mbwa koridoni, amwite uwanjani.

#13 Kusi_na_Kaskazi

Shukrani daktari. Maumivu je, apewe panadoli nusu?

#14 DaktariWaKata

Hapana. Parasetamoli isitolewe kwa kukisia, na ibuprofeni na diklofenaki za binadamu zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa kama meloksikamu, kwa kipimo cha kilo zake, na kipimo anakitoa daktari baada ya kumpima uzito.

#15 BandaLaPongwe

Niongeze mawili ya pwani.

La kwanza ni funza wa ngozini. Kuna nzi anayetaga kwenye mchanga au matandiko yenye harufu ya mkojo, na kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa na unyevu. Kiluwiluwi chake kinaingia kwenye ngozi ya mbwa pale anapolalia: tumbo, mapaja, chini ya mkia. Unaona jipu lenye kitundu katikati, na ukitulia utaona kitu cheupe kinachungulia kupumua. Ziba kitundu kwa mafuta ya mgando tabaka nene, subiri nusu saa, kikijitokeza bana pembeni taratibu kwa vidole gumba viwili kitoke kizima. Usikipasue ndani, kinaleta uvimbe mkali. Kisha matandiko yafuliwe na kuanikwa juani mpaka yakauke kabisa, yapigwe pasi ikiwezekana, na mchanga wa banda ubadilishwe au mbwa alale kwenye kichaga cha mbao.

La pili, mkia kulegea ghafla. Mbwa ameogelea sana, au amekimbizwa sana baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi, au amesafirishwa kwenye kizimba kidogo. Siku inayofuata mkia unanyooka sm chache kutoka shinani halafu unaning'inia kama umekufa, na kukaa chini kunamuuma. Wengi wanadhani umevunjika. Ni misuli ya shina imechoka na kuvimba. Apumzike, asiogelee, na kwa kawaida unarudi ndani ya siku chache hadi wiki 2. Usipoonyesha nafuu ndani ya siku 3, au ukikuta pingili imepinda au ina maumivu ya nukta moja, apigwe picha ya eksirei. Na waliotoka Raskazone baharini wasuuzwe kwa maji baridi ya bomba, chumvi ikikaukia chini ya mkia inawasha na mbwa anaitafuna ngozi.

#16 MtuWaSahare

Kuna wakati kukata kunaruhusiwa lakini?

#17 DaktariWaKata

Ndiyo, kwa matibabu: pingili zimesagika, uvimbe wa saratani, nyama imekufa, au ncha imepasuka mara kwa mara na bendeji pamoja na marekebisho ya ukuta vimeshindwa. Hapo mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi, anakatwa kwenye kiungo juu ya sehemu mbovu, ngozi inashonwa bila kuvutika, anapewa dawa ya maumivu. Ni upasuaji kamili, na ni wa daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, kwa hiyo yule kijana anayepita majumbani na wembe asikaribishwe.

Nimwondoe mtu mmoja mashakani pia: kukata mkia hakuzuii kichaa cha mbwa. Imani hiyo ni ya kale sana. Columella, Mrumi wa karne ya 1, aliiandika kuwa ya wachungaji wa zama zake. Kinachozuia ni chanjo, ya kwanza mtoto akifikisha miezi 3, kisha kurudia kila mwaka.

#18 Kusi_na_Kaskazi

Swali la mwisho kwangu. Mtoto amezaliwa na mkia wenye kona, mwingine mkia mfupi kabisa. Wote mama mmoja. Wana ugonjwa?

#19 Mkaguzi_wa_Uzazi

Mfupi wa kuzaliwa upo kwenye baadhi ya aina, kwa jeni inayorithiwa. Anayerithi nakala mbili za jeni hiyo hufa tumboni, ndiyo maana wenye mkia mfupi wa asili hawapandishwi wao kwa wao. Rottweiler na Boxer si kawaida yao, kwa hiyo usimuuze kama aina adimu. Mwambie mnunuzi ukweli na usimtumie kuzalisha.

Mwenye kona, mpapase kila wiki kuanzia wiki ya 3. Kona isiyouma, mkia ukitikisika vizuri, haihitaji tiba yoyote, naye hazalishwi tu. Akilia unapoigusa, au mkia hautikisiki kuanzia shinani, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na mweleze pia kama anakojoa na kujisaidia kawaida, kwa sababu neva za shina la mkia ziko jirani na zile za kibofu na haja kubwa.